Bi Harusi Naye Angojewe: Maoni Yetu Baada ya Harusi ya Musoma



Tumerudi kutoka Bara wiki hii, miguu imevimba kwa basi na hina ya harusi bado haijatoka vidoleni. Tulikwenda kumpeleka bi harusi wetu kwa mumewe Musoma, mkoa wa Mara, kule juu karibu na Kenya. Wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kupita Dodoma. Tuliyoyaona ni mengi, na ya gauni na mapambo tutayazungumza siku nyingine In shaa Allah. Leo kuna jambo limetukaa kooni, na tusipolisema halitashuka.

Binti yetu huyu, jina lake tunalisitiri, ana shahada ya kwanza ya uhandisi wa mawasiliano. Si yule anayekuuzia bando dukani. Ni yule anayepiga hesabu mnara usimame wapi na uwe na urefu gani ili hilo bando lako lifanye kazi. Miezi miwili kabla ya harusi alipata barua ya chuo Bara, amekubaliwa kusoma shahada ya pili ya fani hiyohiyo. Wakati huo posa imeshajibiwa, tarehe imeshawekwa, na bwana harusi kazi yake iko Musoma. Watu wazima wakakaa, wakamwambia maneno tunayoyajua sote: "Mwanangu, kusoma umeshasoma. Sasa kamsome mumeo."

Alinyamaza. Na sisi tukanyamaza, hapo ndipo penye aibu yetu. Tulimsinga, tukamfukiza udi, tukamfunda yale ya kufundwa mwari, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: na ile barua ya chuo umeiweka wapi?

Tulijua alipoiweka siku ya tatu baada ya harusi. Tulikuwa tunamsaidia kupanga nguo kabatini, tukaiona imekunjwa ndani ya msahafu wake.

Hatukulala vizuri usiku ule. Na maoni yetu ya leo yametoka kwenye usiku ule.

Kwani anasoma nini?

Tuanze na hili, maana wengi wanaopinga hawajui wanachokipinga. Wakisikia "mawasiliano" wanadhani ni kutengeneza simu iliyovunjika kioo.

Shahada ya pili ya uhandisi wa mawasiliano kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi miaka 2. Sehemu ya kwanza ni masomo ya darasani: mawimbi ya redio na antena, mitandao ya simu, nyaya za fiba, setilaiti, usalama wa mitandao, na hesabu nyingi sana. Sehemu ya pili ni utafiti na kuandika tasnifu. Hapa kwetu Tanzania fani hii, au fani za jirani nayo, zinasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndaki yake ya TEHAMA iko Kijitonyama, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambayo imewekwa kwa ajili ya shahada ya pili na ya tatu tu.

Shikeni hilo neno la utafiti, tutalirudia.

Sasa tazameni Mara ilivyo. Kutoka Mwanza basi linakwenda na ziwa upande wa kushoto, mnapita Magu na Lamadi, mnaingia Bunda chini ya milima, na Serengeti iko pale pembeni. Mbele mnaacha njia ya Butiama, kisha Musoma, mji uliokaa juu ya ulimi wa nchi kavu ulioingia ziwani, na mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyapanga. Ndani ya ziwa kuna visiwa vya wavuvi, kama Rukuba upande wa Musoma na Nafuba upande wa Bunda. Kule Kisorya watu wanapanda kivuko kwenda Ukerewe. Sisi watu wa kisiwani tulijiona kama tuko kwetu, ila maji hayana chumvi.

Na hapo ndipo bi harusi wetu alipotufungua macho. Tumekaa kando ya ziwa tunakula sato, mmoja wetu akalalamika simu inashika na kuachia. Akatueleza. Wimbi la redio likivuka maji halifiki peke yake. Moja linakwenda moja kwa moja, jingine linapiga uso wa maji linaruka, na yote mawili yanafika kwenye antena moja. Yakifika yamepishana vibaya, yanauana, na simu inakatika. Maji yakitulia au yakichafuka, mambo yanabadilika tena. Kwa hiyo mhandisi anayerusha mawasiliano juu ya maji anacheza na urefu wa antena, na pengine anaweka antena mbili kwenye mnara mmoja, moja juu moja chini, ili moja ikishindwa nyingine ipokee. Mawe na milima nayo yana shida yake: masafa ya chini, kama megahezi 700 au 800, yanafika mbali zaidi, na masafa ya juu yanabeba mengi zaidi lakini yanachoka mapema.

Aliyaeleza haya huku anachambua samaki, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo hatukuiona hata siku ya kupambwa. Shangazi yake akasema polepole, "Huyu mtoto tulikuwa tunamnyamazisha nini?"

Nani anaumia simu isipopatikana

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya makampuni, sisi wanawake yanatuhusu nini. Yanatuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Pale Musoma tuliwaona akina mama wa dagaa. Anaanika, anageuza, anauza kwa mtu wa mbali asiyemjua hata sura, na malipo yanaingia kwenye simu. Simu isiposhika, mzigo hauondoki, na anayelala bila hela ni yeye na wanawe.

Kubwa zaidi ni uzazi. Mnaujua mfumo wa m-mama, unaotumika Bara na kwetu Zanzibar. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, inapigwa nambari 115 bila malipo, na linatafutwa gari la kumkimbiza hospitali. Ni jambo zuri sana, Allah awalipe walioliweka. Lakini nambari 115 inataka mtandao. Mama aliye nyuma ya kilima au kisiwani, mahali ambapo simu haishiki, anayo nambari kichwani tu.

Serikali inalijua hili. Sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilipitishwa mwaka 2006, kwa ajili ya kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni pekee haioni faida. Tarehe 13 Mei 2023, mbele ya Rais Samia kule Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Lakini mnara hauoti kama mnazi. Kila mmoja unataka mtu aliyepiga hesabu, na tungependa kwenye meza ile ya hesabu akae pia mwanamke anayejua uchungu unaanza saa ngapi.

Halafu lile neno la utafiti. Binti yetu ameolewa katika mkoa wenye ziwa, visiwa, milima, mawe na mpaka wa nchi. Kwa mhandisi wa mawasiliano hiyo ni maabara iliyo wazi. Nusu ya kwanza angekaa chuoni. Nusu ya pili, akikubaliana na wasimamizi wake, angeweza kupima mawimbi hukohuko anakoishi na mumewe. Watu wazima walisema Musoma na shahada haviendi pamoja. Hawakumuuliza mwenyewe, angewaambia kwamba Musoma ingeweza kuwa ndiyo tasnifu.

Tuliyoyakumbuka Butiama

Siku ya mwisho mwenyeji wetu alitupeleka Butiama, kama kilomita 40 kutoka Musoma. Tuliona makumbusho na mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere, Mwitongo. Njiani tulipita tukikumbuka kwamba mtoto wa Butiama alianzia skuli Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kama 12, na safari yake ya elimu ikamfikisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, alikopata shahada mwaka 1952.

Lakini kuna upande wa kisa hicho ambao wanaume wetu hawausimulii. Kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, Mwalimu alikuwa ameshamchumbia Bi Maria, binti wa Kisimbiti aliyekuwa akifundisha skuli ya Nyegina, Musoma. Yule mwanamume akaenda ng'ambo miaka mitatu kusoma. Bi Maria akabaki. Wakafunga ndoa Januari 1953, baada ya bwana harusi kurudi na shahada yake.

Hawakuwa watu wa dini yetu, lakini funzo halina mwenyewe. Bi harusi alimngoja bwana harusi asome shahada, na hakuna aliyesema ndoa itaharibika. Watu walisema: huyu mwanamke ana subira, huyu mwanamume ana akili. Sasa tunauliza, na swali hili ndilo kiini cha maneno yetu yote: kwa nini bwana harusi naye asimngoje bi harusi? Subira imeandikiwa jinsia moja?

Hapohapo Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu. Vyuo vipya vinataka walimu, na walimu wa vyuo vikuu hawapatikani kwa shahada moja. Binti wetu angeweza siku moja kwenda kufundisha kilomita 40 kutoka mlango wa mumewe. Hilo nalo hakuna aliyelifikiria.

Na mahari je?

Katika makabila mengi ya Mara mahari ni ng'ombe, na ng'ombe huingia kwenye zizi la baba wa msichana. Sisi Waislamu tunajisifu kwamba kwetu mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe, si ya baba wala ya kaka, na ni kweli. Sasa tuifanyie kazi hiyo sifa.

Kila mmoja wetu ameshasikia mawaidha ya yule Sahaba masikini aliyetaka kuoa na hana kitu, hata pete ya chuma hakupata. Mtume (s.a.w.) akamuozesha kwa kile alichokuwa nacho cha Qur'ani, amfundishe mkewe. Kumbe elimu kuwa mahari si jambo la kisasa. Limeanza na umma huu.

Ushauri wetu kwa mabinti mliochumbiwa na mna barua za chuo ni huu: ombeni ada iwe mahari yenu. Acheni kitanda cha kuagizwa na seti ya dhahabu itakayovaliwa siku moja na kufungiwa kabatini. Semeni: mahari yangu ni ada ya mwaka wa kwanza, au ya masomo yote kwa awamu, iandikwe hivyo. Wengine huweka kusoma kama sharti la ndoa. Hapo mjue wanavyuoni wamehitilafiana: Mahanbali wanayapa nguvu zaidi masharti ya mke, na katika madhehebu yetu ya Shafi kuna maelezo marefu. Lakini mahari hayana ubishi, ni deni juu ya mume mpaka alilipe au mke mwenyewe asamehe kwa ridhaa yake. Namna ya kuyaandika, mkamuulize sheikh wenu au kadhi kabla ya siku ya akdi, si baada.

Na kwa wazazi: chukueni kalamu mpige hesabu ya sare, ukumbi, mpambaji, keki, wapiga picha na chakula cha usiku mmoja. Kisha waulizeni chuo ada yao ni kiasi gani. Hesabu hiyo tunawaachia nyinyi, maana sisi tulipoipiga tuliona haya.

Tunayoambiwa kila tukilisema hili

Tunaambiwa kupanda minara hakumstahikii mwanamke wa Kiislamu. Jamani, wanaopanda minara kila siku ni mafundi maalumu waliofunzwa kazi hiyo. Mhandisi mwenye shahada ya pili siku yake nyingi ni kompyuta, ramani, vipimo na vikao. Na siku ikibidi apande, suruali pana, mkanda wa usalama na kofia ngumu juu ya hijabu vinamsitiri vizuri kuliko magauni ya ukumbini tunayoyanyamazia.

Tunaambiwa safari na kukaa mbali na mume. Hili hatulichezei, ni jambo la dini na la moyo. Wanavyuoni wamelizungumza suala la safari ya mwanamke na mahram wake, na kila mmoja amuulize anayemuamini katika elimu. Lakini wapo waume wanaohama na wake zao kwa mwaka mmoja. Wapo wanaowasindikiza, wakawatafutia hosteli ya wanawake au nyumba ya jamaa. Mbona mume anapopelekwa kazini mkoa mwingine miaka miwili hatuiti ukoo kujadili?

Tunaambiwa ndoa zimevunjika kwa masomo. Zipo, hatutawadanganya. Tunazo shoga zetu ambazo umbali uliwachosha. Lakini tuliowaona wakiumia zaidi ni wale waliosema ndiyo mdomoni na hapana moyoni, wakaishi miaka kumi na hasira waliyoipikia, wakailalia, wakaizaa na watoto. Mume naye hajui kosa lake ni lipi, kwa sababu hakuulizwa.

Tunaambiwa umri utapita. Rais wetu ni mtoto wa Kizimkazi, aliyezaliwa mwaka 1960. Aliolewa mwaka 1978, akazaa, akalea, akafanya kazi. Shahada yake ya pili aliipata mwaka 2015 katika mpango wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na chuo kimoja cha Marekani, mwaka uleule aliokuwa Makamu wa Rais. Siasa zake kila mtu na maoni yake. Ila mlango wa elimu hakufungiwa kwa ndoa wala kwa umri.

Kabla hujasema ndiyo

Dada yetu uliyechumbiwa, chukua haya machache.

Barua ya chuo isikae msahafuni. Itoe wakati wa posa, mbele ya walii wako, ili upande wa pili uisikie kabla ya tarehe kuwekwa.

Soma ile barua vizuri. Ukihitaji kusogeza mbele masomo, andika mapema uombe. Usikae kimya mpaka nafasi ipotee, kisha ukalaumu ndoa.

Zungumzeni watoto, pesa, na nani atakaa wapi kwa miezi mingapi. Andikeni. Mapenzi hayapungui kwa karatasi.

Na wewe mama, shangazi, somo unayemfunda mwari: katika yote unayomfundisha, ongeza swali moja tu. "Mwanangu, kuna kitu unakiacha nyuma kwa ajili ya ndoa hii?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Sisi hatukuuliza swali hilo kwa wakati wake. Tuliliuliza siku ya kuondoka. Shangazi yake, mkubwa wetu, alimwita bwana harusi barazani akamwambia, "Mwanangu, unajua mkeo ana barua ya chuo?"

Yule kijana akashangaa kweli kweli. "Shangazi, mimi sikuambiwa kitu. Barua gani?"

Hakuambiwa! Wote tulikuwa tumekaa tukimlaumu moyoni mtu ambaye hakupewa hata nafasi ya kukataa, au ya kukubali. Tulikuwa tumejiamulia jibu lake kwa niaba yake, na ndoto ya mkewe kwa niaba ya mkewe.

Hatuwaambii kwamba mambo yamekwisha. Hatujui watakubaliana nini, na hayo sasa ni ya wawili wale. Tunajua tu kwamba tulipoingia garini alfajiri kurudi Mwanza, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Walikuwa wamekaa mkekani baada ya sala ya alfajiri, msahafu umefunguliwa, na ile barua iko mikononi mwa bwana harusi, anaisoma tena kutoka juu.

Allah awape hekima wao na kila nyumba yenye barua iliyofichwa. Azijaaliye ndoa zetu ziwe sitara na si kifuniko. Aamin.